Barafu ilivyochora majabali ya Mlima Kenya na kuacha ushahidi wake hadi Manda

KISIWA cha Manda, katika visiwa vya Lamu, hakijawahi kufunikwa na barafu. Kiko nyuzi mbili na ushei tu kusini mwa Ikweta, kimezungukwa na mikoko na bahari yenye vuguvugu, na udongo wake haba umelala juu ya mwamba wa matumbawe. Hata hivyo, mwamba huo unaokanyagwa kila siku na abiria wanaoshuka katika uwanja wa ndege wa kisiwa hicho ili wavuke kwenda Lamu ni sehemu ya kumbukumbu ya barafu.

Sehemu nyingine ya kumbukumbu hiyo iko mamia ya kilomita kutoka pwani, kwenye Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199. Huko barafu ilipita juu ya mawe yenyewe, ikayang'oa, ikayalainisha na kuyachora. Manda haikupita, bali ilipandisha na kushusha kina cha bahari, nayo bahari ikaacha alama zake katika matumbawe. Kumbukumbu hizi mbili zikisomwa pamoja husimulia kisa kimoja: barafu ilipokua nchi kavu, bahari ilikupwa, ilipoyeyuka, bahari ilijaa.

Kisa hicho kina uzito mpya leo, kwa kuwa barafu ya Mlima Kenya inakaribia kwisha. Mwaka 1899, Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian na kuchora ramani ya mlima, barafu yake ilienea katika eneo la takriban kilomita za mraba 1.6. Vipimo vya setilaiti vya miaka ya 2020 vimeonyesha kwamba iliyosalia haifiki hata kilomita moja ya kumi ya mraba. Mwaka 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba huenda barafu ya mlima huo ikatoweka yote katika miaka ya 2030. Ikishatoweka, mashahidi wa kudumu watakaobaki ni mawe.

Barafu inavyotembea

Mtu anayeitazama barafu ya mlimani kwa mara ya kwanza huiona kama kitu kilichotulia. Ukweli ni kwamba inatembea. Theluji ya mwaka huu huilalia ya mwaka jana, na uzito wa tabaka za juu huzibana za chini, hewa ikatoka, theluji ikageuka kuwa barafu ngumu. Tabaka hizo zikifikia makumi ya mita, barafu huanza kushindwa kuubeba uzito wake yenyewe, ikateremka taratibu kufuata mteremko. Hapo ndipo huitwa mto wa barafu.

Kuna njia mbili za mwendo huo. Kwanza, barafu yenyewe hujikunja na kunyumbuka kwa ndani, mfano wa uji mzito unaomwagika polepole mno. Pili, barafu yote huteleza juu ya mwamba, hasa pale ambapo sehemu yake ya chini imekaribia kuyeyuka na kuna utando wa maji kati yake na jiwe. Barafu iliyogandamana kabisa na mwamba kwa baridi kali huteleza kidogo sana au haitelezi kabisa, na kwa hiyo haichongi sana.

Mto wa barafu wa Lewis, mkubwa kupita yote ya Mlima Kenya kwa muda mrefu, ni miongoni mwa ile iliyochunguzwa kwa kina zaidi katika nchi za joto. Mtaalamu wa hali ya hewa Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliufuatilia kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970. Kadiri barafu ilivyopungua unene ndivyo mwendo wake ulivyozidi kufifia, kwa maana uzito ndio unaoisukuma. Mto wa barafu uliokonda husinzia kabla ya kufa.

Msasa na mtaimbo

Barafu peke yake ni laini mno kuweza kukwaruza jabali. Kinachochora ni mawe, changarawe na mchanga ulionaswa chini yake. Fundi anayepiga msasa ubao wa jahazi hategemei karatasi, bali punje kali zilizogandishwa juu yake. Mto wa barafu ni msasa wa namna hiyo, isipokuwa kwamba punje zake huweza kuwa kubwa kama kichwa cha mtu au hata nyumba, na mkono unaoukandamiza ni uzito wa barafu yenye unene wa makumi au mamia ya mita.

Punje ndogo huling'arisha jabali mpaka likawa laini. Mawe makubwa zaidi huacha michirizi na mifereji iliyonyooka, mara nyingi ikiwa sambamba. Unga unaotokana na msago huo ni mwembamba kama unga wa mtama, nao huchukuliwa na maji yanayotoka chini ya barafu na kuyafanya yawe meupe kama yaliyotiwa maziwa. Uchongaji huu ni wa polepole, lakini waliosema bandubandu huisha gogo hawakukosea: kwa maelfu ya miaka, bonde zima hupanuliwa.

Njia ya pili ya uchongaji haifanani na msasa bali na mtaimbo. Barafu inapopanda kinundu cha mwamba, shinikizo huongezeka upande wa juu na sehemu ya barafu huyeyuka. Maji hayo hupita kinunduni na kuingia katika nyufa za upande wa pili, ambako shinikizo ni dogo. Huko huganda tena, au hupanda na kushuka kwa nguvu mpaka nyufa zikapanuka. Barafu inayosonga mbele hung'oa mapande yaliyolegea na kuondoka nayo. Mawe hayo yaliyong'olewa ndiyo yanayogeuka kuwa meno ya kuchorea mwamba ulioko mbele.

Njia hizo mbili zikifanya kazi pamoja huacha umbo ambalo wataalamu hulitafuta kwanza wafikapo mlimani. Ni kinundu cha jabali chenye sura mbili: upande ilikotoka barafu ni mteremko laini wenye michirizi, na upande ilikoelekea ni ukuta uliovunjikavunjika.

Kuujua mwelekeo

Michirizi peke yake ni shahidi wa nusu. Mstari unaokwenda kaskazini na kusini unaeleza njia iliyopitwa, lakini hausemi kama barafu ilitoka kaskazini au ilitoka kusini. Ni sawa na alama ya mashua iliyoburutwa mchangani: njia inaonekana, ila huenda isijulikane kama ilikuwa ikishushwa majini au ikipandishwa.

Jawabu hupatikana kwa kuwauliza mashahidi wengine. Wa kwanza ni kile kinundu chenye sura mbili, ambacho upande wake uliovunjika huonyesha barafu ilikokuwa ikienda. Wa pili ni makovu yenye umbo la mwezi mwandamo, yanayotokea jiwe kubwa linapoukandamiza mwamba kwa vishindo mpaka ukapasuka. Wa tatu ni mawe mageni. Jiwe la aina inayopatikana kileleni tu likikutwa chini bondeni juu ya mwamba wa aina nyingine, na ikiwa hakuna mto wala maporomoko ambayo yangeweza kulifikisha hapo, basi lilibebwa na barafu.

Pengine michirizi ya mwelekeo mmoja hukatwa na mingine ya mwelekeo tofauti. Hapo jiwe moja linahifadhi safari mbili, ya kale na ya baadaye, na ile iliyokata ndiyo ya baadaye. Kwa kupima maelfu ya alama za namna hii, wataalamu wa Ulaya na Amerika Kaskazini waliweza kuchora ramani za barafu ambayo hakuna binadamu wa leo aliyeiona.

Shahidi wa mwisho ni moreni, yaani matuta ya mawe, mchanga na udongo uliochanganyika bila mpangilio, ambayo barafu huyaacha pembeni mwake na mbele yake. Mto wa maji huyapanga mawe kwa ukubwa wake, mazito huku na mepesi kule. Barafu haipangi, hubwaga kila kitu pamoja. Tuta lililo mbele kabisa huonyesha mahali barafu ilipofikia kabla ya kuanza kurudi nyuma.

Mlima Kenya na jirani zake

Mwaka 1893, mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alipanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu yake. Yeye ndiye aliyeupa mto wa barafu wa Lewis jina hilo, kwa kumkumbuka mwanajiolojia Henry Carvill Lewis. Jambo kubwa zaidi alilorudi nalo ni ushahidi kwamba barafu iliwahi kushuka chini mno kuliko alipoikuta. Aliyaona matuta ya moreni mbali na barafu ya siku zake, na mwaka 1894 akachapisha maelezo juu ya jiolojia ya barafu ya mlima huo. Ulikuwa ugunduzi wa kushangaza, kwani haikuwa zaidi ya nusu karne tangu wanajiografia wa Ulaya walipobisha taarifa za wamisionari Johannes Rebmann na Ludwig Krapf kwamba kuna theluji karibu na Ikweta.

Mpanda mlima wa leo anayepitia Bonde la Teleki hutembea ndani ya ushahidi huo. Mto wa maji huchimba bonde lenye umbo la herufi V, kwa kuwa hukata chini tu. Mto wa barafu hulijaza bonde zima na kulichonga chini na kandokando, ukaacha umbo la herufi U: sakafu pana na kuta zilizosimama. Bonde la Gorges, upande wa mashariki, lina kuta za namna hiyo. Vijiziwa vidogo vilivyotapakaa karibu na vilele vimekaa katika mabakuli yaliyochimbwa na barafu au nyuma ya matuta iliyoyaacha.

Umri wa matuta hayo hupimwa kwa njia kadhaa. Mojawapo hutumia miale inayoipiga dunia kutoka angani. Jiwe lililofukiwa chini ya barafu limekingwa. Likiachwa wazi, miale hiyo huanza kutengeneza ndani yake chembe adimu, mathalani klorini ya namba 36. Kadiri jiwe linavyokaa juani ndivyo chembe hizo zinavyoongezeka, na wingi wake huwa saa ya kuhesabia miaka. Njia hiyo imetumiwa Mlima Kenya na Kilimanjaro, na nyingine inayofanana nayo imetumiwa katika milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa ujumla, vipimo vinaonyesha kwamba barafu ya Afrika Mashariki ilikuwa kubwa katika kipindi kilekile cha baridi kuu ya dunia, zaidi ya miaka 20,000 iliyopita.

Mlima Elgon ni funzo la namna ya pekee. Leo hauna barafu hata kidogo, lakini juu yake kuna mabonde na matuta yaliyoachwa nayo. Milima ya Aberdare nayo ina alama za jinsi hiyo. Hivyo ndivyo utakavyokuwa Mlima Kenya siku chache zijazo za historia: barafu haipo, ila kazi ya mikono yake ipo.

Upande wa pili wa kumbukumbu

Maji yaliyoganda milimani na kwenye ncha za dunia hayakutoka pengine ila baharini. Katika kilele cha baridi kuu, takriban miaka 20,000 iliyopita, vilima vya barafu vilifunika Kanada na kaskazini ya Ulaya, na bahari zote za dunia zikashuka kwa kiasi cha mita 120. Wakati huo Manda haikuwa kisiwa. Mlango wa Mkanda unaoitenga na bara una kina kidogo kiasi kwamba manahodha hulazimika kuangalia maji yamejaa au yamekupwa kabla ya kuupita. Bahari iliposhuka mita 120, Manda, Lamu na Pate zilikuwa nyanda za juu za bara, na ufuko ulikuwa mbali upande wa mashariki.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda kwa maelfu ya miaka, mpaka ikakaribia kina cha leo miaka 7,000 hivi iliyopita. Ndipo mabonde yalipogeuka kuwa mikondo, vilima vikawa visiwa, na mikoko ikapata matope ya kuotea.

Lakini mwamba wa Manda ni wa kale kuliko hayo. Matumbawe hukua chini ya maji tu. Yakikutwa juu ya nchi kavu, ama ardhi imeinuka ama bahari imeshuka. Mwamba wa matumbawe unaoandamana na pwani ya Kenya umehusishwa kwa sehemu kubwa na kipindi cha joto cha takriban miaka 125,000 iliyopita, ambapo barafu ya Greenland na Antaktika ilikuwa ndogo kuliko ilivyo sasa na bahari ya dunia ilikuwa juu kwa mita 6 hadi 9. Umri wa matumbawe hupimwa kwa urani, ambayo tumbawe huinywa kutoka baharini likiwa hai, kisha ikabadilika polepole kuwa thori baada ya kufa.

Basi mchongaji mawe wa Maweni, kijiji cha Manda kilichopata jina lake kwa mawe, anapokata tofali na kukuta humo maua ya matumbawe na makombe ya chaza, anashika mkononi alama ya bahari iliyokuwa juu zaidi. Alama hiyo haikuchorwa na barafu iliyopita bali na barafu iliyokosekana.

Visima vya Takwa

Wakazi wa kale wa Manda waliijua thamani na dhiki ya mwamba huo. Mji wa Manda, uliochimbuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick kuanzia mwaka 1966, ulikuwa bandari ya biashara tangu karne ya 9, na watu wake walijenga kuta za ufukoni kwa mapande makubwa ya matumbawe. Upande mwingine wa kisiwa kuna magofu ya Takwa, mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17, yenye msikiti na kaburi la mnara.

Dhiki ilikuwa maji. Mwamba wa matumbawe una vitundu vingi. Mvua hupenya upesi, na maji matamu hukaa chini kama utando mwembamba unaoelea juu ya maji ya chumvi. Kisima kikichotwa kupita kiasi, au bahari ikipanda, chumvi huingia. Sababu inayotajwa mara nyingi ya kuhamwa kwa Takwa mwishoni mwa karne ya 17 ni kwamba maji ya visima yalichachuka. Hata leo Manda ni kisiwa kisicho na maji matamu ya kutosha, ilhali Lamu ng'ambo ya pili hutegemea visima vya Shela, ambavyo maji yake yamehifadhiwa na vilima vya mchanga.

Hapo ndipo suala la barafu linapoacha kuwa la wataalamu peke yao. Tangu mwaka 1900 bahari za dunia zimepanda kwa wastani wa takriban sentimita 20, na kasi imeongezeka. Kwa kisiwa ambacho maji yake ya kunywa yanaelea juu ya maji ya bahari, na kwa mji wa Lamu ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia ambao gati zake hufikiwa na bamvua, sentimita hizo si hesabu ya karatasini.

Barafu ipi inatishia pwani?

Ni muhimu mambo mawili yasichanganywe. Barafu ya Mlima Kenya ni kidogo mno. Ikiyeyuka yote, mvuvi wa Manda hatauona mabadiliko baharini. Hata barafu ya milima yote duniani, ikiachwa kando ile ya Greenland na Antaktika, ingepandisha bahari kwa kiasi cha theluthi moja ya mita. Hatari kuu iko mbali: Greenland ina barafu ya kutosha kupandisha bahari kwa mita 7 hivi, na Antaktika kwa zaidi ya mita 50. Hakuna mtaalamu anayetarajia yote iyeyuke katika karne hii, lakini sehemu ndogo tu yatosha kuuingia mji wa pwani.

Vilevile, maji ya Mto Tana hayategemei barafu kwa kiasi kikubwa. Mto Nithi, unaotoka katika Bonde la Gorges, ni mmoja wa mito inayoulisha Tana, na Tana humwaga maji na matope yake Bahari ya Hindi karibu na Kipini, kusini magharibi mwa visiwa vya Lamu. Lakini maji hayo hutokana zaidi na mvua na misitu ya mlimani. Anayekata msitu wa Mlima Kenya anaudhuru Mto Tana kuliko barafu inayokwisha.

Umuhimu wa mto wa barafu wa Lewis ni wa aina nyingine. Umefuatiliwa kwa vipimo, picha na ramani kwa zaidi ya karne moja, na kwa kuwa uko Ikweta huitikia mabadiliko ya mvua, mawingu na joto kwa pamoja. Kila mita unayorudi nyuma hufunua mwamba ambao haujaona jua kwa muda mrefu, wenye michirizi ambayo bado ni mibichi. Baridi ya usiku, jua la mchana na kuvu za mawe huanza mara moja kuifuta. Michirizi hudumu zaidi pale tu ilipofunikwa na udongo wa moreni.

Manda nako ushahidi hupungua. Mawimbi hula mwamba kwa chini mpaka ukaning'inia, na mawe ya kisiwa hicho yamejenga nyumba nyingi za Lamu kwa vizazi. Lakini mwamba wa matumbawe ni mwingi, na umekwisha kustahimili bahari kushuka mita 120 na kurudi tena. Jabali la Teleki lililochorwa na barafu na tumbawe la Maweni lililoachwa na bahari yatakuwapo wakati ambapo jina la Lewis litakuwa limebaki kwenye ramani tu, na atakayetaka kujua barafu ilipita wapi na ilikuwa kubwa kiasi gani atalazimika kuyauliza yote mawili.